Kwa Pikipiki Hadi Blackpool: Kumbukumbu ya Mieleka ya Jumamosi

Safari ninayotaka kukusimulia si ndefu. Ni ya kilomita kama 55 tu, kutoka mji wa Wigan mpaka mji wa Blackpool, kaskazini-magharibi ya Uingereza. Mwenye gari huimaliza kwa muda wa saa moja. Sisi tulitumia siku nzima. Tulikuwa wazee wawili juu ya pikipiki moja. Mwenye pikipiki alikuwa na umri wa miaka 68, na mimi nilikuwa na miaka 66. Ilikuwa siku ya Jumamosi, mwezi wa Juni, mwaka 2019.

Tulikwenda kuona mahali ambapo marehemu mama yake alipenda kwenda kutazama mieleka. Mimi nilikuwa na deni kwa mama huyo. Deni hilo halikuwa la fedha. Lilikuwa la maneno. Nilikuwa nimelibeba kwa miaka 41.

NYUMBA YA MAMA

Mwaka 1976 nilipelekwa Uingereza kusomea ufundi wa mitambo. Nilikuwa kijana wa miaka 23, nimetoka Sengerema, karibu na Ziwa Victoria. Chuo chetu hakikuwa mbali na Wigan. Mji huo uko kati ya miji mikubwa miwili, Manchester na Liverpool. Ulijengwa kwa jasho la wachimbaji wa makaa ya mawe na wafanyakazi wa viwanda vya pamba. Nyumba zake nyingi ni za matofali mekundu. Zimeshikana ukuta kwa ukuta, kama mabehewa ya gari moshi.

Nilipangishwa chumba cha juu katika nyumba ya mjane mmoja. Marehemu mumewe alikuwa mchimbaji wa makaa ya mawe. Kwetu hatumwiti mtu mzima kwa jina lake, kwa hiyo mimi nilimwita Mama. Mwanzoni alicheka. Baadaye alizoea, na yeye akaniita mwanangu.

Mama alikuwa mtu wa kazi. Siku ya Jumamosi alifua, alipiga deki, na alioka pai za nyama. Watu wa Wigan wanapenda sana pai, hata majirani zao huwatania kwa sababu hiyo. Lakini ilipofika saa 10 jioni kazi zote zilisimama. Mama alivua aproni yake, akaweka vikombe vya chai mezani, na akawasha televisheni. Majirani wawili, wanawake wazee kama yeye, waliingia bila kupiga hodi. Ulikuwa wakati wa mieleka.

MIELEKA YA SAA 10

Mieleka ilianza kuonyeshwa katika televisheni ya ITV ya Uingereza mwaka 1955. Kuanzia mwaka 1965 iliwekwa katika kipindi cha michezo cha Jumamosi kilichoitwa World of Sport. Ilianza saa 10 jioni na kuendelea mpaka karibu na wakati wa kusomwa matokeo ya mpira. Mamilioni ya watu waliitazama. Mtangazaji wake alikuwa Kent Walton. Huyu alitangaza tangu mwanzo mpaka mwisho, na sauti yake ilikuwa ya utulivu, kama mtu anayezungumza na jirani yake.

Wanamieleka walipambana juu ya ulingo. Ulingo ni jukwaa la mraba lililozungushwa kamba. Sheria zao ziliwekwa mwaka 1947. Pambano liligawanywa katika raundi. Mtu alihesabiwa ameangushwa kama mabega yake mawili yalibanwa chini mpaka mwamuzi akahesabu 3. Pia aliweza kusalimu amri akishindwa kuvumilia maumivu. Aliyeangusha mara 2, au aliyemfanya mwenzake asalimu amri mara 2, ndiye mshindi. Na kama mtu alilala chini mpaka mwamuzi akahesabu 10, pambano liliishia hapo. Mchezaji mkorofi alionywa hadharani. Onyo la tatu lilimtoa ulingoni.

Wachezaji walikuwa wa kila namna. Palikuwa na Mick McManus, mfupi, mwenye nywele nyeusi, mjanja wa kuvunja sheria mwamuzi akigeuka. Watu walimzomea, lakini hawakukosa kumtazama. Palikuwa na Giant Haystacks, mtu mkubwa kama tembo, mwenye ndevu nyingi. Palikuwa na Big Daddy, mzaliwa wa Halifax, ambaye watoto walimpenda sana. Jina lake halisi lilikuwa Shirley Crabtree. Shirley ni jina ambalo siku hizi Waingereza huwapa wasichana. Palikuwa pia na Kendo Nagasaki, aliyeficha uso wake kwa kinyago. Desemba 1977 alijivua kinyago hicho katika mji wa Wolverhampton, mbele ya watu na kamera za televisheni. Hilo lilizungumzwa Wigan nzima, madukani na ndani ya mabasi.

Wiki yangu ya kwanza Mama alinieleza habari za Johnny Kwango, mwanamieleka mweusi aliyesifika kwa kupiga kichwa. Alifikiri nitajisikia nyumbani zaidi nikisikia habari zake. Na kweli nilifurahi.

Mimi nilikuwa naijua mieleka ya kwetu. Tulipokuwa watoto tulipigana mieleka katika mchanga wa ziwani. Ukibwagwa umebwagwa, na jioni unatembea na mchanga masikioni. Mieleka ya televisheni ilinishangaza. Mtu alirushwa juu, akaanguka kwa kishindo, kisha akainuka. Mama alipiga kelele, "Mwangalie shingo! Mwangalie shingo!" Mara nyingine aliziba mdomo kwa mkono, na machozi yalimlengalenga. Mimi nilidhani ni mambo ya wazee.

MANENO NILIYOSEMA

Jumamosi moja ya Februari 1978 nilikuwa nimekaa karibu sana na televisheni. Nilikuwa fundi, na jicho la fundi hutafuta mtambo unavyofanya kazi. Niliona kwamba mwanamieleka anapopiga ngumi, hukanyaga jukwaa kwa nguvu wakati ule ule. Kishindo tulichosikia kilikuwa cha mguu. Niliona pia kwamba anayerushwa hujisaidia kwa kuruka.

Nilijiona mwerevu. Niligeuka na kusema mbele ya wale majirani, "Mama, watu hawa wanakudanganya. Wamepatana tangu mapema nani ashinde. Huu ni mchezo wa kuigiza. Unalia bure."

Hakuna aliyejibu. Mama aliinuka, akazima televisheni, akakusanya vikombe. Alipofika kwangu alisema, "Chai yako imepoa." Akaenda jikoni. Majirani wakaaga.

Jumamosi iliyofuata saa 10 ilipofika, nilisikia televisheni ikiwashwa. Nilishuka ngazi mpaka katikati. Niliona vikombe 3 mezani. Kikombe changu hakikuwepo. Nikapanda tena juu, nikafungua vitabu vyangu. Ikawa hivyo kila Jumamosi. Nilisikia kelele za mieleka kupitia sakafu, nami niko juu peke yangu.

Siku nyingine tuliishi vizuri. Mama alinipikia, alinifulia, aliniuliza habari za masomo. Nilipoondoka Agosti 1978 alinisindikiza mpaka stesheni. Alinipa sweta aliyoifuma kwa mkono wake. Sikusema neno juu ya siku ile, na yeye hakusema.

Tuliandikiana barua. Mwaka 1981 aliniandikia kwamba Big Daddy amemshinda Giant Haystacks huko Wembley, na pambano halikufika hata dakika 3. Niliijibu barua ile, lakini nilimwandikia habari za mvua na za watoto wangu tu. Desemba 1988 ITV iliacha kuonyesha mieleka. Mwaka 1990 nilipata barua kutoka kwa mwanawe. Mama alikuwa amefariki.

PIKIPIKI YA WAFANYAKAZI

Mwaka 2019 binti yangu, ambaye ni muuguzi Manchester, alinikaribisha nikamwone. Nilipofika nilimwomba anipeleke Wigan. Niliikuta nyumba ile ile, na mlango ule ule. Aliyefungua alikuwa mwana wa Mama. Siku zangu za chuo yeye alikuwa akifanya kazi mbali, karibu na Coventry, na alikuja nyumbani mara chache. Tulikumbatiana. Yeye amenizidi miaka 2, kwa hiyo ninamwita kaka.

Nilimwambia, "Kaka, nina neno nilitaka kumwambia Mama. Sikumwambia." Alinitazama kwa muda. Kisha akasema, "Njoo Jumamosi. Nitakupeleka Blackpool. Uje na koti zito."

Jumamosi alitoa pikipiki yake nje. Ilikuwa Triumph Bonneville, injini ya sentimita za ujazo 750, iliyotengenezwa mwaka 1979. Yeye mwenyewe alikuwa mmoja wa waliotengeneza pikipiki za namna hiyo.

Historia ya kiwanda chake inafaa kujulikana. Kiwanda kilikuwa Meriden, karibu na Coventry. Mwaka 1973 wenye mali walitangaza kwamba watakifunga. Wafanyakazi walikataa. Walikikalia kiwanda na kulinda milango yake, kiangazi na baridi. Mwaka 1975 serikali iliwakopesha fedha, wakaanzisha chama cha ushirika. Mwanzoni wote walilipwa mshahara sawa, fundi na mfagiaji. Walitengeneza pikipiki kwa miaka 8. Mwaka 1983 chama kilishindwa na madeni, kikafungwa. Kaka alirudi Wigan na pikipiki moja na sanduku la spana.

"Tulishindwa," aliniambia, "lakini pikipiki bado inatembea."

Alinipa kofia ngumu. Uingereza iliweka sheria ya kuvaa kofia ngumu mwaka 1973, na sheria hiyo inamhusu dereva na abiria pia. Kisha akaniambia jambo ambalo kila abiria wa pikipiki anapaswa kulijua.

"Tukifika kwenye kona, nitalala upande. Wewe lala pamoja nami. Usijivute upande mwingine kwa woga. Ukijivuta utatuangusha wote wawili. Lala ninapolala."

Alipiga teke la kuwashia mara 2. Injini ikanguruma. Nikapanda nyuma.

CHUMBA CHA BILLY RILEY

Hatukwenda moja kwa moja barabara kuu. Kwanza alinipitisha Whelley, sehemu ya mji wa Wigan iliyo mlimani kidogo. Tulisimama katika mtaa wa kawaida wa nyumba za matofali.

"Hapa," alisema, "ndipo palikuwa na chumba cha Billy Riley."

Billy Riley alikuwa mwanamieleka wa Wigan. Alizaliwa mwaka 1896 na kufariki mwaka 1977. Alijenga chumba cha mazoezi ambacho watu walikiita Shimo la Nyoka. Hakikuwa na fahari yoyote. Lakini watu walitoka mbali kuja kujifunza pale. Walifundishwa mieleka ya asili ya Lancashire, ambayo maana ya jina lake ni "shika popote uwezapo kushika". Wachimbaji wa makaa ya mawe walikuwa wakiicheza tangu zamani. Hapo hapakuwa na kuigiza. Mtu alikunjwa mkono au mguu mpaka asalimu amri.

Karl Gotch, mzaliwa wa Ubelgiji, alijifunza hapo. Billy Robinson wa Manchester alijifunza hapo pia. Wote wawili walikwenda kufundisha Japani, na Wajapani waliwaheshimu sana. Mwaka 1975 Robinson alipambana na bingwa wa Japani, Antonio Inoki, kwa muda wa dakika 60. Walitoka sare. Baada ya Riley, mwanafunzi wake Roy Wood aliendelea kuwafundisha vijana. Klabu ilihamia Aspull, nje kidogo ya Wigan.

Kaka alivua kofia yake ngumu. "Baba yangu alijifunza hapa," alisema. "Alitoka mgodini, akanawa uso, akaja hapa. Siku za mwisho wa wiki alipigana kwenye kumbi kwa kulipwa."

Nilishtuka. Katika nyumba ile sikuwahi kuona picha yoyote ya mieleka. Kaka hakuongeza neno. Alipiga teke, tukaondoka.

NJIANI

Tulishika barabara ya kwenda kaskazini, tukapita Standish. Zamani sehemu hizi zilikuwa na migodi mingi. Sasa migodi yote imefungwa. Mgodi wa Bickershaw, karibu na Leigh, ulifungwa mwaka 1992, na wa Parkside ulifungwa mwaka 1993. Milima ya vifusi vya mgodini imeota majani na miti. Usipoambiwa, hutajua kwamba watu walifanya kazi chini ya ardhi hiyo.

Kona ya kwanza kubwa niliiogopa. Kaka alilala upande wa kushoto na mimi nikajivuta kulia. Pikipiki iliyumba. Alipunguza mwendo na kusema bila kugeuka, "Lala ninapolala." Kona ya pili nilijitahidi. Kona ya tatu nilisahau woga wangu.

Tulivuka mto Ribble, tukaingia Preston. Baada ya hapo nchi ni tambarare. Ni nchi ya wakulima na wafugaji. Ng'ombe weupe wenye mabaka meusi walikuwa malishoni. Sehemu hizo bado kuna vinu vya zamani vilivyosaga nafaka kwa nguvu ya upepo. Karibu na mji mdogo wa Kirkham mvua ilitunyeshea. Tulisimama kwenye banda la chai kando ya barabara.

Hapo, tukiwa tumeshika vikombe vya moto, nilimweleza kaka maneno yale ya Februari 1978. Sikuficha kitu. Nilimweleza hata habari ya kikombe.

Alinyamaza mpaka chai ikaisha.

"Mama alijua," alisema. "Alijua kabla hujafika Wigan. Baba alikuwa akimwambia Ijumaa usiku, 'Kesho nitaanguka raundi ya 4.' Alikuwa na uwezo wa kumbwaga yule mwenzake kwa kweli, lakini mwenye pambano alitaka hivyo, na sisi tulihitaji fedha ya kodi."

"Sasa kwa nini alilia?"

"Siku moja, katika ukumbi mdogo, Baba alipambana na kijana mgeni. Matokeo yalikuwa yamepangwa. Kijana alitakiwa kumwinua na kumwangusha vizuri. Alikuwa amechoka, mikono ikateleza. Baba aliangukia shingo. Hakurudi mgodini tena. Mama alimwosha na kumlisha kwa miaka 5, mpaka alipofariki. Ndipo akatoa picha zote ukutani."

Mvua ilikuwa imepungua. Mimi sikuweza kusema lolote.

CHINI YA MNARA

Blackpool ni mji wa pwani. Kwa miaka mingi wafanyakazi wa viwanda na migodi ya Lancashire walikwenda huko kupumzika. Walifika kwa gari moshi, familia nzima, na vikapu vya chakula. Mji huo una mnara wa chuma wenye urefu wa mita 158. Ulifunguliwa mwaka 1894. Unauona ukiwa bado mbali sana, kama mlingoti wa jahazi.

Miguu ya mnara huo ni 4. Chini yake, katikati ya miguu hiyo, kuna ukumbi wa sarakasi. Ukumbi ni wa duara, na viti vyake vimepandiana kama ngazi. Kuta zimepambwa kwa rangi ya dhahabu. Zamani, siku ambazo sarakasi haikuchezwa, ulingo wa mieleka uliwekwa katikati. Mama alikuja hapa kwa basi pamoja na wale majirani wawili. Katika kumbi za namna hii wanawake wazee walijulikana kwa ukali. Baadhi yao waliwapiga wanamieleka wakorofi kwa mikoba na miavuli.

Tulikata tiketi kama watu wengine, tukakaa. Sarakasi ilikuwa bado haijaanza. Nilitazama saa yangu. Ilikuwa saa 10 kasoro dakika chache.

Kaka alinionyesha safu ya tatu kutoka chini. "Mama alipenda kukaa pale. Nilikuja naye mara moja. Nilimwuliza kama ulivyomwuliza wewe. Nilisema, 'Mama, unajua nani atashinda. Unatazama nini?' Akasema, 'Sitazami nani anashinda. Natazama mikono.'"

Kisha akanifafanulia. Mwanamieleka anapomwinua mwenzake juu, yule aliyeinuliwa hana la kufanya. Ametoa shingo yake, ameiweka mikononi mwa mtu mwingine. Mwinuaji akiwa mzembe, mwenzake atavunjika. Mwinuaji akiwa mwema, atamshusha kwa kishindo kikubwa, watu watapiga kelele, na yule mtu atainuka na kurudi nyumbani kwa watoto wake. Mama alitazama mikono ya mwinuaji. Akiona mtu ameshushwa salama, machozi yalimtoka.

Nilikumbuka kelele yake. "Mwangalie shingo!" Nilikuwa nimeisikia kwa miezi 18, na sikuelewa.

Kaka aliniambia pia mambo ambayo mimi, kwa kukaa mbali, sikuyafuatilia. Mwaka 1987, katika mji wa Great Yarmouth, mwanamieleka Mal Kirk alifariki baada ya Big Daddy kumwangukia ulingoni. Uchunguzi ulionyesha kwamba Kirk alikuwa na ugonjwa mkubwa wa moyo, na Big Daddy hakuonekana na kosa. Lakini jambo hilo lilimhuzunisha sana. Tena yuko Tom Billington, kijana wa Golborne, karibu kabisa na Wigan, aliyeitwa Dynamite Kid. Alikwenda kupigana Kanada, Japani na Marekani, na alikuwa hodari kupita kiasi. Mwili wake uliharibika kwa kuanguka. Miaka yake ya mwisho aliishi katika kiti cha magurudumu. Alifariki Desemba 2018, siku aliyotimiza miaka 60.

"Mshindi walimpanga," alisema kaka, "lakini sakafu hawakuipanga."

Nikamwuliza swali lililonileta. "Kwa nini aliondoa kikombe changu? Alinichukia?"

Kaka alitikisa kichwa. "Siku moja tulizungumza habari zako. Alisema ulimwaibisha mbele ya majirani, na hilo lilimwuma kwa wiki moja. Lakini kikombe hakukiondoa kwa hasira. Alidhani mchezo ule unakuchosha, na kwamba unakaa kwa heshima tu. Hakutaka kukulazimisha. Alikuwa akingoja ushuke mwenyewe, ukichukue kabatini."

Nilikuwa nimengoja aniite. Yeye alikuwa amengoja nishuke. Kati yetu palikuwa na ngazi 13.

Taa zilizimwa, sarakasi ikaanza. Msichana mmoja alipanda juu, akajiachia hewani, na mwenzake akamdaka mikono. Watu wote walimtazama msichana. Mimi nilitazama mikono ya yule aliyemdaka.

KURUDI

Mwezi wa Juni, huko, saa 3 usiku bado kuna mwanga. Tulirudi Wigan jua likiwa upande wa bahari, nyuma yetu. Kaka alikuwa amechoka, lakini aliendesha kwa uangalifu. Kila kona aliyolala, nililala naye. Nilifikiri kwamba abiria wa pikipiki naye ameitoa shingo yake. Nilikumbuka vijana wetu wa bodaboda, ambao kila siku wanapokea shingo za watu, mama wajawazito, watoto wa shule, wagonjwa. Nilitamani kila mmoja wao angesikia habari ya mikono ya mwinuaji.

Kesho yake asubuhi kaka alinipeleka makaburini. Kaburi la Mama liko kando ya la mumewe. Nilisema maneno yangu kwa Kiswahili, kwa sababu Kiingereza hakikunitosha. Nilimwambia, "Mama, nisamehe. Hukulia bure. Mimi ndiye niliyekuwa sioni."

Nilijisikia mwepesi kidogo, lakini si sana. Maneno yanayosemwa kaburini hayana wa kuyajibu.

Ndugu msomaji, huenda na wewe umewahi kutazama mieleka ya televisheni, na umewahi kusikia watu wakibishana kama ni ya kweli au ya uongo. Nimekueleza nilichojifunza. Kujua kwamba matokeo yamepangwa si kujua kila kitu. Mtu mzima anapolilia jambo ambalo wewe unaliona dogo, mwulize kwanza analiona nini. Mwulize kwa upole, tena mkiwa wawili tu.

Na kama liko neno ulilomwumiza nalo mzazi, au mwenye nyumba wako, au jirani yako, usingoje akuitie chai. Shuka ngazi. Chukua kikombe chako kabatini, ukae.